Neno "unless" na mwanafunzi wa kidato cha kwanza

Chukua sentensi moja ya aina inayojaa kwenye vitabu vya Baiolojia: "Unless a wound is cleaned, bacteria found on the skin may enter the blood." Iandike ubaoni mbele ya mwanafunzi aliyemaliza darasa la saba mwaka jana na sasa yuko kidato cha kwanza. "Wound" ataijua ukimwonyesha kidonda. "Cleaned" anaikumbuka kutoka shule ya msingi. "Bacteria" ni bakteria wale wale. "Skin" na "blood" alikutana nazo kwenye mchoro wa mwili. Maneno yote ya sayansi anayo. "Unless", yaani "isipokuwa", hana. Analiruka, kama sote tunavyoruka neno tusilolijua, na kinachobaki kichwani ni hiki: kidonda kinasafishwa, bakteria wa kwenye ngozi wanaingia kwenye damu. Yaani ukisafisha kidonda ndipo unapoingiza bakteria. Akiulizwa kwenye jaribio kwa nini tunasafisha vidonda, anaandika kinyume kabisa, na pembeni kalamu nyekundu inasema: husomi wewe.

Amesoma. Kilichomwangusha ni kineno kisicho cha sayansi, ambacho hakuna anayejiona ana wajibu wa kukifundisha. Mwalimu wa Baiolojia anaona ni kazi ya mwalimu wa Kiingereza, na mwalimu wa Kiingereza wiki hiyo yuko kwenye vitenzi vya wakati uliopita. Makala hii ni ya mwalimu wa somo, awe wa Baiolojia, Jiografia, Fizikia au Historia, aliyekabidhiwa darasa la watoto 60 na zaidi ambao miaka yote saba walifundishwa kwa Kiswahili.

Hesabu ya miaka

Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali Tanzania tangu 1967, na sekondari ikabaki na Kiingereza. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kiendelee hadi sekondari. Serikali haikulifuata pendekezo hilo, na mjadala haujaisha. Tuuache hapo, maana mwenye kipindi Jumatatu saa mbili asubuhi hawezi kungoja sera.

Anachoweza kukifahamu ni muda. Mwaka 1979 Jim Cummins, mtafiti wa Kanada, alitenganisha lugha ya maongezi na lugha ya kitaaluma. Watoto wahamiaji aliowachunguza walihitaji kama miaka 2 kuzungumza Kiingereza cha kucheza na kununulia pipi, lakini miaka 5 hadi 7 kufikia kiwango cha wenzao katika kusoma na kuandika masomo. Na hao walikuwa wakisikia Kiingereza kwenye basi, dukani na kwenye televisheni. Mtoto wetu anakisikia vipindi vya darasani tu, na akishatoka getini ndiyo basi hadi kesho yake. Kidato cha kwanza hadi cha nne ni miaka 4, na upimaji wa kitaifa wa kidato cha pili unamkuta akiwa na miaka 2. Kozi ya maandalizi ya wiki kadhaa mwanzoni mwa mwaka inasaidia mtoto kupata pa kuanzia. Mwalimu anayedhani kozi hiyo imemaliza kazi ya lugha anaanza Machi kwa kukimbia, na anaowaongoza wamebaki nyuma.

Darasani humo humo wamo wachache waliotoka inglishi midiam, shule za msingi zinazofundisha kwa Kiingereza, wameketi dawati moja na wa kayumba, yaani waliotoka shule za kawaida za serikali. Hao wananyoosha mikono na kujibu kwa ufasaha, na mwalimu anatoka amefurahi kwamba somo limeeleweka. Angalizo ni mawili. Watatu wanaojibu hawawakilishi 60 waliokaa kimya. Na hata huyo mwenye ufasaha aangaliwe maandishi yake, kwa sababu kuongea vizuri hakumaanishi anaweza kueleza chanzo na matokeo kwenye karatasi. Kwa upande mwingine, kuna mtoto wa kijijini Usukumani au Umasaini ambaye hata Kiswahili alikianzia shuleni. Kwake Kiingereza ni lugha ya tatu.

Pima kwanza kitabu

Kabla ya kuamua kwamba darasa ni zito, pima kitabu. Watafiti wa msamiati Hu na Nation walionyesha mwaka 2000 kwamba ili msomaji aelewe matini bila msaada anahitaji kujua takriban maneno 98 katika kila 100. Hesabu maneno 100 mfululizo kwenye ukurasa utakaoufundisha, nakili kifungu hicho ubaoni, waambie wanafunzi waandike kwenye kikaratasi kila neno wasilolijua. Wakiandika maneno 2 au pungufu, watasoma wenyewe. Wakiandika 3 hadi 5, watasoma mkisaidiana. Yakifika 15 au 20, na kwa kidato cha kwanza usishangae, basi kuwaambia "nendeni mkasome ukurasa wa 34" ni kuwapa adhabu ya kunakili.

Zoezi hili huharibika kwa jambo dogo: majina. Mtoto akiandika jina lake kwenye kikaratasi anaona haya kuorodhesha maneno 20, anaandika mawili. Kikaratasi kiwe hakina jina, na usikisome mbele ya darasa.

Ukivipanga vikaratasi hivyo utaona maneno hayafanani. Yapo ambayo wazo lake mtoto tayari analo. "Digestion" ni mmeng'enyo wa chakula, "photosynthesis" ni usanisinuru, na yote mawili aliyafanyia mtihani kwa Kiswahili. Hapo anabadilisha lebo tu. Mpe neno la Kiswahili mara moja, liandikwe ubaoni kando ya la Kiingereza, msonge mbele. Dakika 15 za kueleza usanisinuru upya kwa Kiingereza cha kubahatisha ni dakika 15 za kumfanya aamini kwamba hajui kitu anachokijua.

Maneno ya hatari ni yale anayodhani anayajua. "Volume" kwake ni sauti ya redio. "Solution" ni ufumbuzi wa tatizo, na kwenye Kemia ghafla ni chumvi iliyoyeyuka kwenye maji. "Table" ni meza, kumbe ni jedwali. "Relief" ya Jiografia ni sura ya nchi, milima na mabonde, si nafuu wala msaada wa chakula. "Tissue" inauzwa dukani. "Matter" ameisikia kwenye "what is the matter?". Mtoto haulizi maana ya neno kama hili kwa sababu haoni kwamba kuna cha kuuliza. Lazima mwalimu awahi: hili neno mnalijua, leo limevaa sare nyingine.

Kisha vineno vya kuunganisha: "unless", "although", "whereas", "hence", "due to", "rather than". Haviandikwi kwa wino mzito, havimo kwenye orodha ya istilahi mwishoni mwa sura, na ndivyo vinavyobeba hoja. Kimoja kwa wiki kinatosha. Chora mstari chini yake kila kinapotokea, na uwaulize: ukikitoa, sentensi inasema nini? Darasa lililoona kwa macho kwamba "unless" imegeuza maana ya kidonda na bakteria halilisahau.

Kiswahili kinapoingia kimyakimya

Makosa mengi ya kidato cha kwanza yana mantiki, na mantiki hiyo ni ya Kiswahili. Anayeandika "the heart it pumps blood" hakuongeza "it" kwa uzembe. Moyo *u*nasukuma damu, kiambishi cha ngeli kimo ndani ya kitenzi, naye amekitafsiri kwa uaminifu. "He" na "she" zinabadilishana kwa sababu yeye ni yeye. "A" na "the" zinadondoka kwa kuwa hatuna kitu cha namna hiyo. Irabu zetu ni tano na Kiingereza cha Uingereza kina sauti za irabu kama 20, kwa hiyo "heart", "hurt", "hut" na "hat" zinaweza kumfikia sikioni kama neno moja. Anayesikia "the hat has four chambers" akaandika hivyo hivyo hakuwa akitania. Maneno mapya ya siku yaandikwe ubaoni kabla ya kutamkwa.

Makosa hayo ni ya juujuu. Yanayostahili muda ni yale ambapo Kiswahili cha kila siku kinagawa dunia tofauti na kitabu. Kusikia ni mfano mzuri: tunasikia sauti, tunasikia harufu, tunasikia baridi, hata njaa tunaisikia. Fundisha milango mitano ya fahamu kwa Kiingereza na utapata "I hear a bad smell" na "the skin hears cold". Mwanafunzi anajua pua inanusa, neno lake ndilo pana. Mkono ni "arm" na ni "hand". Mguu ni "leg" na ni "foot". Vidole viko mikononi na miguuni. Ukimwambia aonyeshe "foot" kwenye mchoro akagusa paja, amejibu swali la mguu.

Kwenye Fizikia, nguvu inabeba "force", "strength", "power", na mtaani hata "energy". Uzito unatajwa kwa kilo, wakati mwalimu anataka "mass" iwe na kilo na "weight" iwe na nyutoni. Aliyeshika ndoo ya maji kichwani saa nzima akisubiri lango lifunguliwe amefanya kazi, mama yeyote atakwambia, lakini kwa Fizikia "work" yake kwenye ndoo ni sifuri kwa kuwa ndoo haikusogea. Hapa kumpa tafsiri ya neno moja kwa moja ni kumpoteza. Chora ubaoni duara kubwa la neno la Kiswahili, ndani yake viduara vya maneno ya Kiingereza, kila kimoja na mfano wake. Inachukua dakika 5.

Ukimya, na kelele zinazofanana na kuelewa

"It is called evapo...?" Darasa zima: "...ration!" "Are we together?" "Yees!" Kila aliyepita sekondari zetu anaujua wimbo huu. Unalichangamsha darasa na kumpa mwalimu hakika kwamba mambo yanaenda, na unaweza kuuimba mwaka mzima bila kuelewa lolote, kwa sababu silabi mbili za mwisho zinapatikana kwa kumfuata jirani. Ukitaka kujua kama wameelewa, uliza swali ambalo jibu lake haliwezi kusemwa kwa pamoja: ipi kati ya nguo hizi mbili itakauka mapema, iliyokunjwa au iliyotandazwa, na kwa nini?

Kisha subiri. Mary Budd Rowe, aliyechunguza madarasa ya sayansi Marekani katika miaka ya 1970, alikuta walimu husubiri kama sekunde 1 tu baada ya swali, na kwamba kusubiri sekunde 3 au zaidi hurefusha na kuboresha majibu. Wanafunzi hao walikuwa wakijibu kwa lugha ya darasa lao. Mwanafunzi wetu anasikia Kiingereza, anageuza Kiswahili, anatafuta jibu, analirudisha Kiingereza, halafu anapima kama atachekwa. Hesabu kimoyomoyo hadi saba. Ni muda mrefu wa kuudhi ukiwa umesimama mbele, lakini mikono inaanza kunyooka kwenye tano au sita.

Kuhusu kuchekwa: sheria ya darasa iwekwe wiki ya kwanza na isimamiwe. Na vile vibandiko vya "No English, no service" mlangoni mwa ofisi ya walimu viondolewe. Havijamfundisha mtu Kiingereza. Mtoto mwenye homa akikosa sentensi anarudi darasani kulaza kichwa kwenye dawati.

Kiswahili kitumike kwa mpango

Hapa ndipo walimu wenye nia njema wanapoharibu kwa njia mbili. Wa kwanza anaeleza somo lote kwa Kiswahili, darasa linaelewa na kucheka, halafu dakika 20 za mwisho ananukuza notsi za Kiingereza kutoka kitabuni. Daftari limejaa, lakini kilichoeleweka na kilichoandikwa havikuwahi kukutana, na mtihani utauliza kilichoandikwa. Wa pili anatafsiri kila sentensi papo hapo: anasema kwa Kiingereza, anarudia kwa Kiswahili. Baada ya siku tatu wanafunzi wamejifunza kuzima masikio kwenye nusu ya kwanza, kwa kuwa wanajua nusu inayoeleweka inakuja.

Panga kipindi maradufu cha dakika 80 hivi. Dakika 10 za mwanzo, maneno 6, yasizidi 8, yenye mchoro au neno la Kiswahili kando. Dakika 15, wawili wawili wajadili swali moja kwa Kiswahili: kidonda kikiachwa wazi kinapatwa na nini? Hapa wazo linaiva kwa lugha wanayoifikiria. Dakika 20, kifungu kifupi cha Kiingereza ubaoni, maneno yasiyozidi 120, kisomwe kwa sauti na mwalimu kwanza, kisha kivunjwe. Ile sentensi yetu inavunjika mara tatu: "There are bacteria on the skin. Clean the wound. If you do not clean the wound, bacteria may enter the blood." Halafu irudishwe nzima, kwa sababu kwenye mtihani itakuja nzima. Mwalimu anayeishia kwenye vipande vifupi amerahisisha somo na kumnyima mwanafunzi ngazi ya kupandia. Dakika 25 ni za kuandika, na 10 zilizobaki wachache wasome walichoandika.

Kinachokula ratiba ni mjadala wa Kiswahili, maana umenoga na hakuna anayetaka kuukata. Weka saa mezani. Na mjadala uishe kwa kila jozi kuandaa sentensi moja ya Kiingereza ya kutoa mbele ya darasa, hata ikiwa imepinda. Bila hiyo, robo saa hiyo inabaki gumzo.

Kwa kuandika, toa viunzi vya sentensi: "The function of ... is to ...", "If ..., then ...", "Both ... and ..., but only ...". Kiunzi cha mwisho peke yake kinamwezesha mtoto kulinganisha seli ya mmea na ya mnyama, kazi ambayo bila hicho inatoka kama orodha mbili zisizozungumza. Wengine watakariri kiunzi kitupu na kukuandikia "the function of is to". Dawa yake ni kujaza mifano mitatu pamoja ubaoni kabla ya kuwaachia, na kuanza kuondoa viunzi taratibu kidato cha pili, kimoja kimoja, ukianza na kile wanachokimudu.

Maswali na kalamu nyekundu

Vitenzi vya mtihani vifundishwe kama istilahi. "State" kwa mtoto ni jimbo la Marekani, "account for" inamkumbusha benki. "State" ni taja, bila maelezo. "Describe" ni eleza kilivyo au kinavyotokea. "Explain" na "account for" zinadai sababu, kwa hiyo jibu lisilo na "because" au ndugu zake limekosa kitu hata kama kila kilichoandikwa ni kweli. "Distinguish" inataka vitu viwili vikutane ndani ya sentensi moja, na hapo ndipo "whereas" inapolipa gharama yake. Chukua swali moja la zamani, libadilishe kitenzi tu mara tatu, wajibu zote tatu. Wataona alama zinakopotelea.

Ukisahihisha, tenganisha sayansi na lugha. Weka alama ya wazo, na kwenye lugha chagua kosa la aina moja kwa wiki: wiki hii "the heart it", wiki ijayo "he" na "she". Daftari lililochorwa nyekundu kila mstari halisomwi, linafungwa.

Na kabla ya kukata jibu, jiulize ni kosa la aina gani. Mwanafunzi ameandika: "Malaria is caused by insect which enter in the blood." Anaweza kuwa anadhani mbu mzima anaingia mwilini. Inawezekana pia anajua vizuri kwamba ni vimelea, lakini kwao na zahanati wote husema "wadudu wa malaria", na mdudu kwenye kamusi yake ndogo ni "insect". La kwanza linahitaji somo la Baiolojia lirudiwe, la pili linahitaji neno moja, "parasite". Karatasi haitakuambia ni lipi. Mwite mezani, umuulize kwa Kiswahili: hao wadudu unaowasema, wana mabawa?